Shajara ya mradi: nahau za Kiingereza kwa darasa la jioni, Kirumba, Mwanza

Wiki ya kwanza

Mradi huu umeanza kwa sababu ya neno moja. Mwanafunzi wetu wa darasa la jioni, mama anayefanya biashara ya mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara hapa Mwaloni, kwenye soko la samaki, alipokea barua pepe kutoka kwa mnunuzi wake wa nje ya nchi, na mstari wa mwisho ulisema: "The ball is in your court." Neno la mpira alilijua. Neno "court" alilijua vizuri zaidi, kwa maana amewahi kuhangaika na shauri la kiwanja mahakamani kwa miaka kadhaa. Akaamini kwamba ameshitakiwa. Hakujibu wala hakumweleza mtu, na kwa siku 14 akawa anasubiri hati ya wito, mpaka mnunuzi alipochoka kungoja na kuagiza mzigo kwa mwingine. Alipotuletea barua ile darasani, mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. "Court" ya mstari ule ni uwanja wa tenisi, na mnunuzi alikuwa akisema tu kwamba yeye amemaliza sehemu yake na sasa anasubiri jibu, jambo ambalo sisi wenyewe hulisema kila siku kwa maneno yanayokaribiana kabisa na hayo: mpira uko kwako.

Nimeliweka tukio hili mwanzoni mwa shajara ili tunapochoka tukumbuke kwamba maana ya nahau moja inaweza kuwa riziki ya mtu.

Tunachokusudia ni kijitabu chenye nahau 120 za Kiingereza, zikiwa na maana zake kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wazima wanaokutana na lugha hiyo kazini: wafanyabiashara wa samaki, wauguzi, wahudumu wa hoteli, makarani wa vivuko. Tuko watatu. Mimi ninafundisha darasa, mwenzangu ni mzee aliyestaafu ualimu wa Kiswahili, na kijana mmoja anachapa. Kila nahau itakuwa na kadi yake, na kila kadi itakuwa na mistari mitatu: kidahizo (yaani nahau yenyewe ya Kiingereza), maana, na nahau ya Kiswahili inayolingana nacho.

Wiki ya pili

Tumeanza na zile nyepesi, na nyepesi kuliko zote zimekuwa zile zilizotoka katika Biblia, kwa kuwa msomaji wetu, hata asiye Mkristo, amekwisha kuzisikia kwa Kiswahili. Wanaposema kwamba kitu ni "a drop in the bucket", wanarudi kwa Isaya 40:15, mahali ambapo mataifa yanafananishwa na tone la maji katika ndoo. "The writing on the wall" ni maandishi ya ukutani ya Danieli sura ya 5, na maana yake ni dalili ya wazi kwamba mabaya yanakuja. "By the skin of one's teeth" ni ngozi ya meno ya Ayubu 19:20, na hapo hatukuhitaji hata dakika mbili, kwa sababu Kiswahili kina chupuchupu: ameponea chupuchupu. Kadi ikafungwa.

Iliyotuchelewesha ni "scapegoat". Neno hilo liliundwa na William Tyndale mwaka 1530 alipokuwa akitafsiri Mambo ya Walawi sura ya 16, habari ya mbuzi anayebebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani. Kamusi inatupa neno bangusilo, na mzee wetu analipenda, lakini tulipowauliza wanafunzi 19 waliokuwapo jioni hiyo hakuna hata mmoja aliyelijua. Wote walisema mbuzi wa kafara. Mzee alipinga kwamba mbuzi wa kafara huchinjwa ilhali yule wa jangwani huachwa hai, na kwa upande wa maandiko hoja yake ni sahihi. Hata hivyo tumeandika mbuzi wa kafara, na bangusilo tumeliweka chini yake ili lisife.

Wiki ya tatu

Wiki nzima nimeshinda Mwaloni, na ninaona sasa kwamba kazi hii haiwezi kufanyika mezani peke yake.

Nilikwenda na kadi ya "break the ice". Maana tuliyokuwa tumeiandika ilikuwa fupi: kuvunja ukimya. Nikamuuliza kijana mmoja anayefungasha samaki kwamba mtu akimwambia avunje barafu ataelewa nini. Hakujibu kwa mdomo. Alivuta pande la barafu lenye urefu wa mkono, akalilaza juu ya turubai, akalipiga kwa mpini wa shoka mara nne mpaka likawa vipande vya ukubwa wa ngumi, kisha akavisukuma kwa koleo ndani ya boksi, tabaka la barafu, tabaka la sato, tabaka la barafu. Kwake yeye kuvunja barafu ni kuhifadhi, ni kuzuia kitu kisiharibike. Kwa Mwingereza aliyeanza kuutumia usemi huu, barafu ilikuwa kitu kilichofunika mto na kuziba njia, na aliyeivunja alikuwa mwenye chombo anayewafungulia wenzake wa nyuma wapite. Shakespeare aliutumia kwa maana hiyo ya mtu wa kwanza kufungua njia. Ziwa letu halijawahi kuganda, kwa hiyo picha hiyo haiwezi kumjia mtu wa Kirumba yenyewe. Ni lazima aelezwe.

Nikarudi na kuiandika kadi upya. Kuvunja ukimya hakutoshi, kwa sababu watu wanaweza kuwa wanaongea na ugeni ukawa bado upo. Sasa inasomeka hivi: kusema au kufanya jambo dogo la kuondoa ugeni kati ya watu ambao hawajazoeana, ili mazungumzo yapate njia. Mzee ameridhika, na kuridhika kwake si kitu kinachopatikana kwa urahisi.

Siku ya pili nilibeba "red herring". Hapa Mwaloni ilikuwa rahisi kupata picha, kwa kuwa samaki wa kubanika wako kila upande na harufu yao humfuata mtu mpaka nyumbani. Herring ni samaki wa bahari za kaskazini ambaye akitiwa chumvi nyingi na kukaushwa kwa moshi kwa muda mrefu hugeuka rangi kuwa nyekundu ya kahawia. Usemi huu ulienezwa na mwandishi wa Uingereza, William Cobbett, ambaye mwaka 1807 alisimulia jinsi alivyotumia samaki wa namna hiyo utotoni kuwapoteza mbwa wa kuwinda waliokuwa wakimfuata sungura. Maana yake ni jambo linaloingizwa katika mazungumzo ili kuwapoteza watu wasifuate lile lenyewe. Mama mmoja muuza samaki alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza sangara aliyekuwa juu ya kichanja, akasema: "Mwalimu, basi mbwa wa huko hawana njaa. Wa hapa angesimama akamla." Nimeiandika kauli yake kwa sababu inaonyesha mahali hasa ambapo nahau humpotea mgeni: anaiona picha yote, lakini anaisoma kwa maisha yake mwenyewe.

Wiki ya nne

Kadi 61 zimekamilika. Umeme umekatika mara mbili na uchapaji umesimama kwa siku tatu. Hakuna jingine la kuandika.

Wiki ya tano

Ninaandika ukurasa huu kwa uzito.

Mwanafunzi wetu mmoja ni muuguzi. Kazini kwao yuko daktari mgeni ambaye amefiwa na baba yake huko kwao. Wenzake wakanunua kadi ya rambirambi, na kwa kuwa muuguzi huyu ndiye anayesoma Kiingereza jioni, wakampa yeye heshima ya kuandika. Naye akatafuta maneno mazuri katika orodha yetu ya rasimu, ambayo nilikuwa nimewagawia wanafunzi wiki iliyotangulia. Katika orodha hiyo, mbele ya "kick the bucket", mimi nilikuwa nimeandika maneno mawili tu: kufariki dunia. Akaandika, kwa mwandiko wake safi na kwa nia njema kabisa, kwamba wanasikitika kwa kuwa baba yake daktari "kicked the bucket".

Daktari alisoma, akanyamaza kidogo, akashukuru. Ni mwenzake mwingine aliyemvuta muuguzi pembeni baadaye na kumweleza. Alikuja darasani jioni ile akakaa nyuma, na kipindi kilipokwisha ndipo aliponionyesha orodha, kidole kikiwa juu ya mstari ule. Hakulalamika. Aliuliza tu: "Mwalimu, si umeandika hapa kufariki dunia?"

Kosa ni langu. Maana niliyoiandika haikuwa ya uongo, kwa kuwa mtu aliyefanya hivyo kweli amefariki, lakini "kick the bucket" ni maneno ya mzaha, na yamekuwa ya mtaani tangu zamani: Francis Grose aliyaingiza mwaka 1785 katika kamusi yake ya lugha ya watu wa mitaani, iliyochapishwa London. Mtu huyasema akitania kifo chake mwenyewe, au kifo cha mtu asiyemhusu, au hata akizungumzia redio iliyoharibika. Mfiwa haambiwi hivyo kamwe.

Mzee wetu alinisaidia kuliona jambo lenyewe kwa upande wa Kiswahili. Alisema sisi pia tuna ngazi zetu: kuna kutangulia mbele ya haki, kuna kuaga dunia, kuna kufariki, kuna kufa, kuna kukata roho, na huko chini kabisa kuna kukata kamba na kuvuta. Zote zinaeleza tukio moja. Akaniuliza kama naweza kuingia katika msiba pale Igogo, nikamshika mkono mfiwa, nikamwambia pole kwa kuwa baba yako amekata kamba. Nilinyamaza. Ndipo tukapata nahau inayolingana nayo: "kick the bucket" ni kukata kamba, na haikuwa kufariki dunia tangu mwanzo.

Nilikaa na muuguzi tukaandika barua nyingine fupi, ya maneno ya kawaida yasiyo na nahau hata moja, akaipeleka kwa mkono wake. Orodha za rasimu nimezikusanya zote. Kuanzia leo kila kadi ina mstari wa nne, unaouliza: nani humwambia nani, na katika hali gani? Kadi isiyojibu swali hilo haihesabiwi kuwa imekamilika. Maana yake ni kwamba kadi 61 zimerudi kuwa 0.

Wiki ya sita na ya saba

Kazi ya kurudia imekwenda haraka kuliko nilivyohofia, kwa sababu mstari wa nne mara nyingi ndio unaotuonyesha nahau ya Kiswahili inayofaa. "Bite the bullet", kwa mfano, tulikuwa tumeitafsiri kama kuvumilia. Tulipojiuliza nani humwambia nani, tukaona kwamba husemwa na rafiki kwa rafiki aliyekwisha kuliahirisha jambo gumu kwa muda mrefu, na sasa hana budi kulifanya. Huko si kuvumilia tu, ni kupiga moyo konde. "Spill the beans" ni kutoboa siri ambayo wengine walitaka ibaki ndani, mara nyingi bila uovu mkubwa, na Kiswahili kimekwisha kuwa na nafaka yake: kumwaga mtama penye kuku wengi. Kwao ni maharage, kwetu ni mtama, na siri imemwagika vilevile.

Iliyotufurahisha kupita zote ni "a pig in a poke". "Poke" ni neno la kale la mfuko au gunia. Mtu ananunua nguruwe aliyefungwa ndani bila kumwona, akifika nyumbani anakuta kitu kingine. Sisi tunasema kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na darasa zima lilicheka kwa furaha ya kukutana na ndugu, maana gunia ni lilelile, ulaghai ni uleule, na mnyama tu ndiye aliyebadilika kuwa yule anayeuzwa katika minada yetu. Hata mstari wa nne ulilingana: ni onyo la mnunuzi kwa mnunuzi mwenzake.

Chumvi imetupa kazi. Kwetu, kutia chumvi ni kuongeza maneno katika habari. Mwenye kutia ni msemaji. Kwa Kiingereza, "take it with a pinch of salt" ni kuisikiliza habari bila kuiamini yote. Mwenye chumvi ni msikilizaji. Asili yake yasemekana ni dawa ya kuzuia sumu aliyoieleza Pliny, mwandishi wa Roma ya kale, ambayo ilimezwa pamoja na punje ya chumvi. Mwanafunzi mmoja karani alikuwa amedhani kwamba bosi wake, alipomwambia aichukue taarifa fulani na chumvi, alikuwa akimtaka aikuze taarifa hiyo anapoipeleka mbele. Tumeandika onyo kwenye kadi kwa herufi nzito: chumvi ile ile, mikono tofauti.

"Hook, line and sinker" nimeipeleka kwa mvuvi mzee wa mshipi. Ndoano na mshipi hazikuwa na tatizo. Kwa kile kinachovuta mshipi uzame, kamusi inasema chubwi, lakini yeye alisema kwao ni jiwe tu, basi. Tumemfuata yeye. Samaki aliyemeza ndoano, mshipi na jiwe hakubakiza kitu, na mtu aliyeamini uongo wote bila kubakiza ameingia mkenge.

Wiki ya nane

Nahau za vyombo vya majini. Waingereza ni watu wa bahari na lugha yao imejaa kamba na matanga, nami nilitarajia kwamba hapa, mjini penye ziwa, zingekuwa mteremko. "Learn the ropes" imekuwa hivyo kweli: baharia mgeni alijifunza kwanza kamba za matanga, na leo maana yake ni kuizoea kazi mpya. "In the same boat" ni kuwa katika shida moja na wenzako, nasi tunasema tumo katika chombo kimoja. Kuhusu "miss the boat", karani wa kivuko cha Kamanga alitukumbusha kwamba abiria wake anayesema hivyo huenda anasema kweli tupu, kivuko kimemwacha. Kwa hiyo tumeandika kwamba maana ya kukosa nafasi hupatikana pale ambapo hakuna chombo kinachozungumzwa.

Halafu ikaja kadi ya "rock the boat", ambayo maana yake ni kuwavurugia watu mambo yaliyokwisha kutulia. Kijana wetu alikuwa ameichapia mfano wa kuchekesha kidogo, wa abiria wanaoyumbisha meli. Niliusoma kwa sauti darasani bila kufikiri. Mama mmoja aliinuka akatoka nje. Baadaye niliambiwa kwamba alimpoteza kaka yake katika MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Na wapo darasani wenye jamaa zao kisiwani Ukara, ambako kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mwaka 2018. Katika mji huu chombo kinachoyumba hakijawa picha ya maneno. Bado ni kumbukumbu ya watu wenye majina.

Tumejadiliana kwa jioni mbili. Kijana alipendekeza tuziondoe zote. Mzee alikataa, akasema mtu wetu atakutana nazo kwenye mkutano wowote wa Kiingereza, na heri akutane nazo kwanza kwetu, kwa upole. Nimekubaliana na mzee. "Rock the boat" imebaki, lakini mfano wake sasa ni wa kikao cha ushirika ambamo mjumbe mmoja anafufua hoja iliyokwisha kuamuliwa, na hakuna meli wala maji popote katika sentensi. Nahau zinazotaja meli inayozama tumezieleza maana bila kuzitolea mfano. Nilimfuata yule mama nikamwomba radhi. Akaniambia, "Yamepita, mwanangu," kisha akauliza kama kesho kuna kipindi.

Wiki ya tisa

"Once in a blue moon". Wavuvi wa dagaa ndio watu wanaoujua mwezi kuliko sisi sote, kwa kuwa huvua kwa taa gizani, na mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika na kushona nyavu. Niliwaeleza kwamba mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu, hivyo mara chache, kila baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, mwezi mmoja wa kalenda hupata mbalamwezi mbili, na ile ya pili ndiyo inayoitwa ya buluu ingawa rangi yake haibadiliki. Maelezo hayo ya mbalamwezi ya pili yalitokana na jarida la falaki la Marekani lililoisoma vibaya almanaka ya wakulima mwaka 1946. Usemi wenyewe ni wa kale zaidi. Wavuvi walisikiliza kwa makini, kisha mmoja akauliza swali la haki: miaka miwili na miezi ndiyo mara chache? Kwa hiyo hatukuandika hesabu yoyote. Tumeandika: kwa nadra sana, na pembeni tukaweka adimu kama maziwa ya kuku. Mzee ametukumbusha kwamba maziwa ya kuku hayapatikani kabisa, ilhali mwezi wa buluu hupatikana, kwa hiyo tumeongeza neno moja kwenye mstari wa nne: Mwingereza huitumia kwa jambo ambalo hutokea kweli, ila kwa kuotea.

Wiki ya kumi na moja

Kadi 117 zimekamilika zikiwa na mistari yote minne. Kazi ya kuchapa imebakiza herufi mbili. Muuguzi ndiye anayesoma rasimu ya mwisho, kwa ombi lake mwenyewe, na amezirudisha kadi 5 zenye mstari wa nne usiotosheleza. Zote 5 alikuwa na haki.

Jana jioni mama wa mabondo alifika mapema kabla ya wenzake, simu ikiwa mkononi. Mnunuzi mpya amemwandikia kwamba wangependa "to touch base" na yeye Alhamisi. Aliyafahamu maneno yote mawili, akaeleza kwamba hayaamini. Nilimwambia kwamba yametoka katika mchezo wa besiboli wa Marekani, na kwamba mtu wa kazini humwambia hivyo mtu wa kazini mwenzake anapotaka waongee kwa kifupi kujua mambo yamefika wapi, bila ugomvi wowote. Alikaa kwenye benchi la mbele akaandika jibu mwenyewe, akanisomea, akalituma. Nikachukua kadi tupu nikaipa namba 118.